Siku Mlima Uliposhuka

Uliponiuliza juzi maana ya kuporomoka, mwanangu, nilikumbuka alasiri moja ya masika kule Lushoto. Nilikuwa bibi harusi mpya, mtoto wa mjini, wa Chumbageni, nimepandishwa milimani na mume wangu, Hemedi, kwenda kumwamkia mama yake.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Mama mkwe alijaribu kufunga mlango wa jikoni, ukakataa. Akatoka, akautazama mlima, akarudi mbio.

“Tokeni! Nyumba imesogea, mlima unashuka.”

Hemedi akacheka. “Mama, ni mbao tu zimevimba kwa maji.”

Mama hakubishana naye. Alinishika mkono mimi, mgeni, akanitoa nje. Hemedi akatufuata shingo upande. Hatujafika kwa jirani tukasikia ngurumo. Tulipogeuka, nyumba aliyoijenga marehemu baba yake Hemedi ilikuwa chini ya udongo mwekundu, migomba imelala juu yake.

Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Hayo ndiyo maporomoko unayosomeshwa shuleni. Lakini yapo na mengine.

Tuliteremka na mama mkwe hadi nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Usagara. Hemedi akawa hafungui duka lake, hali chakula, hasemi. Moyoni alijiona angetuua kwa kile kicheko chake. Nami kwa utoto nikadhani amenichoka, nikaanza kufungasha nguo nirudi kwa wazazi. Mama mkwe akanikuta.

“Mwanangu, mumeo anaporomoka. Usimwache peke yake.”

“Nimfanyeje, mama?”

“Kaa naye. Hata asiposema neno.”

Basi nikakaa. Nikisonga bada, ule ugali wa muhogo, naila mbele yake huku nikimsimulia habari za mtaani, hata zisizo na maana. Ikatokea mchana mmoja akanyoosha mkono, akamega tonge. Kisha akalia, kichwa mapajani kwa mama yake, naye akimpapasa: “Si ulitoka, baba? Ulitoka nasi. Yatosha.”

Mwanangu, mtu naye huporomoka, tena bila kishindo. Ukimwona mwenzio amenyamaza na kujitenga, usifanye haraka kusema amekuchukia. Msogelee, ukae naye, ule naye. Na siku yakikufika wewe, usione haya kulia mbele ya wanaokupenda.

Mola akupe moyo mpole, akujaalie watu wasiochoka kukaa nawe, na akulinde kila uendako. Amin.