Fundi Elifuraha hakwenda mtaroni kwa hiari yake

Leo ni siku ya tano na bado nikisikia pikipiki ikiingia ofisini nanyanyua kichwa nikidhani ni Eli. Siamini. Kusema kweli, sitaki hata kuamini.

Kwa msiomjua: Elifuraha alikuwa fundi bomba, mzaliwa wa Vudee, huku milimani Same. Jumamosi mtaro wa bomba ulimfukia akiwa peke yake. Jumanne tumemzika. Mimi ni fundi mwenzake, miaka minne tumekuwa pamoja kwenye kampuni inayojengea vijiji miradi ya maji kwa mkataba wa serikali.

Post ni ndefu, nivumilieni. Nina hasira na sitaifupisha.

Yeye Mpare, mimi Mchagga, yaani watani. Siku yangu ya kwanza kazini aliwatangazia wenzake, "Jamani hesabuni spana, Mangi kaja!" Nikamjibu kwamba Mpare akiumwa na nyuki anakwenda kumfungulia kesi. Tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima.

Alikuwa anaweka sikio kwenye bomba na kukuonyesha maji yamekwama wapi. Nilimbishia mara moja, tukachimba niliposema mimi. Alikaa pembeni akala parachichi lake mpaka nilipochoka mwenyewe.

Sasa kampuni. Fulana zetu zimeandikwa mgongoni "Maji kwanza, mimi baadaye." Kila Jumatatu tunasimama duara na kusoma mission kwa sauti. Na tuliiamini, msidhani tulikuwa tunaigiza. Maji yalipotoka kwenye kijiji chetu cha kwanza, Eli alilia mbele ya watu mpaka bibi mmoja akamfuta machozi kwa kanga yake. Walijua tunaipenda kazi, wakatukamatia hapohapo.

Mwaka jana HR akatuletea "Jumamosi ya Msaragambo." Msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare, kijiji kizima kinatoka na majembe. Kwetu ikawa ni kwenda site siku ya mapumziko, na usipokwenda unaambiwa huna mission.

Eli alinyoosha mkono kwenye kikao. "Samahani dada, msaragambo kwetu mtu haendi peke yake, na mgonjwa anaachwa nyumbani."

HR akacheka. Akasema Eli ni mtu wa vichekesho.

Wiki hii mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua mradi wa Vudee. Kilibaki kipande kirefu cha mtaro kwenye kona ya mlima, na mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Eli aliomba mbao za kuzuia kingo, kwenye group la kazi, kila mtu akaona. Site manager alijibu kwa emoji ya mikono ya kuomba na maneno matatu: "Mission first, team." Mbao hazikuja.

Jumamosi hiyo tulipangwa wawili. Mimi niliomba ruhusa, mpwa wangu alikuwa na kipaimara Marangu, nikapewa. Hakuna aliyewekwa mahali pangu.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alisikia udongo ukishuka, akakimbia kugonga kengele ya kanisa. Watu walitoka na majembe, waliokosa majembe walichimba kwa mikono. Baba yake Eli alikuwa wa mbele. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Huo ndio msaragambo, HR. Na hakuna aliyevaa fulana.

Msibani site manager alisimama akasoma karatasi, eti marehemu alikwenda "kwa hiari yake mwenyewe, kwa moyo wa kujitolea." Nilitamani kumnyang'anya maiki. Nilibaki nimekaa.

Mtani msibani ana kazi yake, ndiye anayewachekesha wafiwa kidogo. Baada ya maziko nilimwendea baba yake Eli. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona mtani leo hujasema kitu?"

Nikamwambia koo limenikauka. Nilimdanganya yule mzee.

Jana HR ameniletea statement nisaini, kwamba najua Eli alijitolea mwenyewe. Watu wa usalama kazini wanakuja Jumatatu kuuliza. "Ni formality tu, kaka. Tuilinde mission." Mission! Mtu yuko kaburini!

Sisaini. Screenshot iko chini, ni ya asubuhi ile ile ya Jumamosi. Kwa ambao picha haifunguki, naandika kila neno.

Eli: "Mangi niko peke yangu huku. Udongo unamwagika. Nimempigia bosi anasema nisipomaliza leo Jumatatu nisikanyage ofisini."

Mimi: "Mpare unaogopa udongo wa kwenu? Ufungulie kesi 😂"

Hakujibu tena.

Nilikuwa Marangu nageuza ndafu, mbuzi mzima wa sherehe juu ya moto. Ningempigia simu. Ningemwambia toka humo, mwache bosi na mtaro wake. Siku tano nimeificha simu hii kwa aibu ya jibu langu, na wao wakapata nafasi ya kusema uongo juu ya kaburi lako, Eli.

Leo asubuhi nilipanda Vudee nikamsomea baba yako kwanza. Yote, pamoja na kicheko changu. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Wapelekee hao wakaguzi. Na hilo jibu lako usilifute."

Sijalifuta. Wakinifukuza kazi na wanifukuze.

Uliniambia uko peke yako, nikakutania. Nisamehe, ndugu yangu. Lala kwa ile salama waliyokunyima ukiwa hai, Mpare wangu.