Tatu ya Mgongoni

Hadi leo nikiiona alama ya usawa, ile mistari miwili midogo, roho inanichafuka. Watu hudhani hesabu ilinishinda. Hesabu haikunishinda hata kidogo. Aliyenishinda ni rafiki yangu wa benchi.

Ilikuwa enzi za Zaïre, katika shule ya wasichana hapa Bukavu. Mwisho wa mwaka ule msichana mmoja tu angepewa nafasi ya kusoma math-physique, yaani mkondo wa hesabu na fizikia, pamoja na wavulana, na mwalimu wetu wa hesabu ndiye angemchagua, kwa jaribio la ubaoni. Waliobaki wangepelekwa ushonaji. Mimi na sindano hatukupatana tangu utotoni, kwa hiyo nafasi ile niliitaka kufa na kupona. Rafiki yangu naye aliitaka. Tulikuwa tukiambiana wazi, tukicheka, kwamba atakayeipata atamfundisha mwenzake jioni.

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kutufundisha kutenga x, yaani kuiacha peke yake upande mmoja. Alama ya usawa aliiita daraja la Ruzizi. Ukivuka kwenda Rwanda unabadilisha pesa. Basi namba nayo ikivuka inabadilisha alama, jumlisha inakuwa toa. Tulifundishwa hilo Ijumaa. Kesho yake habari ikafika kwamba nyanya yangu amefariki huko Sange, nikashuka na mama kwenye matanga.

Kwetu, mwanafunzi aliyefiwa hakuwa na wasiwasi wa masomo. Mwenzake wa benchi alimshikia darasa: alisikiliza kwa ajili ya wote wawili, kisha akamrudishia yote neno kwa neno. Mwaka uliotangulia rafiki yangu aliugua surua, nami nilikuwa nikienda hadi kwao Muhumba, nikisimama nje ya dirisha lake na kumsomea masomo mpaka koo linakauka. Mama yake alinipitishia chai hapohapo nje.

Kwa hiyo niliporudi kutoka Sange nilimwuliza jambo moja tu.

"Prof aliongeza nini juu ya daraja?"

"Hakuna. Ni ile ile," akanijibu, huku akinisuka nywele. "Kila kitu yenye inavuka, inabadirisha alama. Kila kitu."

Siku ya jaribio niliitwa wa kwanza. Ubaoni paliandikwa 3x + 5 = 20. Nikaivusha tano, nikaitoa kwenye ishirini, nikapata 3x = 15. Kisha nikaivusha ile tatu, nikaibadilisha alama kama nilivyoambiwa. Kumi na tano nikaigawanya kwa hasi tatu, x ikawa hasi tano. Nikageuka nikitabasamu, mjinga mimi.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Citoyenne," mwalimu akasema, yaani raia, kama tulivyoitwa sote enzi zile, "weka hiyo moins cinq mahali ya x. Inakupatia makumi mbili?"

"Hapana, prof."

"Na ile tatu, nilisema iko wapi?"

Wenzangu wakaitikia kwa pamoja, "Iko mu mugongo ya x!"

Ndipo nilipojua yaliyofundishwa nikiwa matangani. Tatu ni mtoto aliyebebwa na x. Mtoto wa mgongoni habadilishi pesa darajani. Anateremshwa tu, anakaa chini ya kumi na tano na kuigawanya, alama yake ikiwa ileile. Walikuwa wameyaitikia hayo wiki nzima, na rafiki yangu pamoja nao.

"Ni nani alikushikia darasa?" mwalimu akauliza.

Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa akichonga penseli. Kisha akainua mkono, nami nikadhani anakiri. Kumbe alikuwa anaomba ubao. Akaifuta kazi yangu kwa kiganja, akaandika x = 5, na nafasi ikawa yake.

Baada ya shule akanikimbilia njiani, karibu na soko la Nyawera.

"Usinikasirikie. Nafasi ilikuwa moja tu."

"Na wakati ya surua yako," nikamwambia, "pale ku dirisha, nilikuficha nini?"

Nikamwacha pale katikati ya wachuuzi, nikaenda nyumbani nikiwa na hasira ya kung'ata mtu. Nilimkuta mama uani, nikakaa chini mbele ya magoti yake.

"Maman, nifumulie hizi nywele."

Akazipapasa. "Mbona zingali mpya? Na alikusuka muzuri."

"Zinaniuma," nikasema.