Mkono wa Muuguzi wa Bwejuu

Muuguzi wa uzazi wa majira hapa Bwejuu hahubiri. Hupandisha mkono wa gauni, humwambia kila mwanamke, "Gusa," naye huvipapasa vijiti vya kuzuia mimba chini ya ngozi ya muuguzi mwenyewe, vyembamba kama chelewa za ufagio. Jana aliingia mama mmoja kumtoa mkaza mwanawe, aliyepakata mtoto, kwenye foleni.

"Mnataka kumfunga kizazi?"

"Shikamoo, bi mkubwa. Hafungwi. Akitaka mtoto, tunavitoa. Gusa."

Mama hakuitikia salamu, lakini aligusa, akarudia. "Na miye nlipokuwa nazaa huku nnanyonyesha, mlikuwa wapi nyinyi?"

Muuguzi aliuacha mkono wake ushikwe mpaka mama alipouachia mwenyewe, akampokea mjukuu ili mkaza mwanawe aingie chumbani.

"Marahaba, mwanangu," akasema.