Mkono Uliochora Uso wa Chelangat

Nilipokuwa darasa la sita, mkono wangu wa kulia uliuma hadi nikashindwa kufunga vifungo vya sweta ya shule, na Kogo, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na hakika anamjua aliyeushika.

Ilikuwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu karibu na Kiptere. Chelangat, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameugua malaria akafariki wakati wa likizo. Hakuacha picha hata moja. Mpiga picha alifika sokoni siku za Krismasi tu, na Krismasi ya mwisho ya uhai wake Chelangat alikuwa kwa shangazi yake huko Siongiroi. Miezi ikapita, mama yake akaja kwetu. Alikaa jikoni akiongea habari za mvua na majani chai, kisha akaniambia amesikia walimu wakinisifu kwa kuchora. Aliomba nimchoree mtoto wake, ili siku ya maombi ya ukumbusho watu wawe na uso wa kutazama. Alikuwa ameshanunua karatasi ya manila. Nilikubali kabla Mama hajasema neno.

Kogo aliposikia hakufoka. Alinieleza kwa sauti ya kawaida kwamba watu wa zamani hawakuthubutu kuutengeneza uso wa mtu aliyekufa, kwa sababu marehemu akiitwa kwa mkono, huushika mkono huo asiuachilie. Kogo alikuwa mtu wa kanisa, hakukosa Jumapili, lakini hilo alilisema kama anayenionya kuhusu daraja bovu. Nilimheshimu sana. Lakini kulikuwa na jambo lililoniogopesha zaidi: tayari sikukumbuka kovu la Chelangat lilikuwa juu ya jicho lipi.

Kwa hiyo nilianza siku hiyo hiyo. Kila nikitoka shule niliketi mlangoni penye mwanga, ubao juu ya magoti, penseli nimeibana kwa nguvu zangu zote, na sikuinuka mpaka giza liingie. Nachora, nafuta, nachora. Mashavu yalikubali, macho yalikataa. Siku ya nne kidole gumba kikaanza kufa ganzi. Siku ya sita maumivu yalipanda kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, na nilipotumwa kumpelekea Kogo kibuyu cha maziwa, kilinitoka mkononi kikapasuka mbele ya miguu yake.

Kogo aliangalia maziwa, halafu akaniangalia mimi.

"Amekushika," alisema. "Wachana naye, Chepkemoi."

Ningependa kusema kwamba sikuamini. Niliamini kabisa. Lakini asubuhi iliyofuata niliichukua penseli tena, kwa sababu nilijiambia kama kweli ni Chelangat aliyenishika, basi si adui. Nilifika katikati ya jicho moja, vidole vikakataa kufunguka.

Mama alinikuta nalia. Alikuwa ndiyo anatoka kwenda shambani, kikapu kiko mgongoni. Akakitua, akauchukua mkono wangu na kuubonyeza chini ya kidole gumba. Niliruka. Akanionyesha wake, vidole vimepasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, na akanieleza kwamba mwaka alioolewa alilia kila jioni kwa maumivu ya mahali hapo hapo, kwa sababu alikuwa akichuma kama mtu anayegombana na michai.

"Mimi sikuchora mtu aliyekufa," alisema. "Nilichuma majani tu. Na mkono uliuma hivyo hivyo."

Alinikataza penseli kwa siku nne. Kila jioni niliuloweka mkono katika maji ya moto kiasi yenye chumvi. Kisha Kogo, aliyefurahia mapumziko hayo kwa sababu zake mwenyewe, aliupaka samli na kuusugua polepole kutoka kifundo kwenda juu. Kila mmoja alikuwa akitibu ugonjwa aliouona yeye, na mkono wangu ulipokea yote.

Siku ya tano Mama alinihamishia mezani. Aliizungushia penseli kitambaa ili iwe nene, akanifundisha kuishika kwa wepesi. Mara kwa mara aliivuta ghafla kunipima, na isipotoka alinipiga kofi dogo la begani. Mstari mrefu niuvute kwa mkono mzima, vidole nivitunzie vitu vidogo kama kope. Nisingoje maumivu ndipo nipumzike. Nikimaliza sehemu moja niinuke, nikunjue vidole, nimpe ndama maji, ndipo nirudi. Nilichukia mwendo huo wa kinyonga. Lakini macho yalikubali, na kuhusu kovu nilikwenda kumwuliza mama yake Chelangat.

Siku ya maombi mama yake Chelangat aliishika picha kwa mikono miwili muda mrefu. "Ndiye huyu," alisema, akaketi nayo mapajani mpaka ibada ikaisha.

Wiki iliyofuata Kogo aliniita nyumbani kwake. Aliuliza kama naweza kumchora mtu ambaye sijamwona, nikielezwa. Nilisema naweza. Akaniambia alipata mtoto kabla ya baba yangu, msichana, aliyekufa kabla ya kujua kutembea. Paji la uso lilikuwa pana, alisema. Ngozi ya maji ya kunde. Nikauliza macho yalikuwaje. "Macho yake," Kogo alisema, akainuka kuchochea moto. Kisha akaniambia niende nikaangalie ng'ombe.

Leo ninaishi kwa kuchora picha za vitabu vya shule, na vijana wanaokuja kwangu wakilalamikia mikono ninawafundisha yale ya Mama, hata kofi la bega. Ya Kogo sijamfundisha mtu. Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa akiniogopea mkono. Sasa nina umri wa kujua kwamba alimwonea wivu mama yake Chelangat, aliyekuwa bado anaukumbuka uso wa mtoto wake, na kwamba aliona haya kusema hivyo.