Mjomba wangu alipigwa kalamu kwa sababu ya kikoi, Isiolo

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wengine wote habari zenu.

Leo sina utani. Nimesoma ule uzi wa juzi wa wanaume kuvaa sketi wakati wa joto, nimeona mlivyocheka mpaka mkajaza kurasa, na damu ikanichemka. Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Sitatia chumvi, yenyewe yana uchungu wa kutosha.

Mimi ni mtoto wa Kiwanjani, mtaa wa Wasomali hapa Isiolo. Babu zetu waliletwa Isiolo na jeshi la mkoloni, wakabaki, na watoto wao wakaingia kwa biashara na malori. Kwetu mwanaume akifika nyumbani, kitu cha kwanza anavua suruali na kufunga kikoi. Joto la Isiolo saa nane mchana si la kubishana nalo. Upepo unapita, mwili unapumua, maisha yanaendelea. Hakuna aliyewahi kuuliza kama hiyo ni nguo ya kike.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa dereva wa pili kwenye lori la kupeleka sukari na unga Marsabit. Dereva mkubwa alikuwa Warsame, ndugu ya mama yangu. Mjomba kwa Kisomali ni abti, kwa hivyo yadi nzima ilimwita Abti.

Kwa vijana ambao hamjui malori ya zamani: injini ilikuwa ndani ya kebini, katikati ya viti, imefunikwa kwa bati na blanketi kuukuu. Unaendesha huku umekaa kando ya jiko. Barabara ni changarawe tupu, unabadilisha gia kutwa. Abti alijaribu suruali safari moja, akarudi na majipu mapajani, hata kukaa hawezi.

Kwa hivyo alibeba vikoi viwili. Kimoja cha kuendeshea, kimejaa grisi. Kingine safi, kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya kiti, cha kuswalia tu. Ukigusa hicho cha pili na mikono ya dizeli, utayasikia maneno yake.

Sasa mwenye malori akaajiri meneja mpya, kijana kutoka huko tulikokuwa tunaita Kenya. Ndiyo, sisi watu wa kaskazini tukipita Nanyuki tulisema tumeenda Kenya, na msituulize kwa nini.

Asubuhi yake ya kwanza akasimama katikati ya yadi. Mafundi, wapakiaji na mama wa chai, wote wanasikia.

"Mimi sitaki dereva wa sketi hapa. Kila mtu avae suruali, longi."

Abti akamjibu polepole. "Meneja, hii si sketi. Hii ni kikoi. Joto ya injini inachoma."

"Longi ama uache kazi, mzee. Chagua."

Abti alikuwa na mabinti wawili sekondari. Kazi nyingine hakuijua, tangu ujana ni usukani tu. Akasema, "Basi kuja na sisi Marsabit mara moja. Tukirudi ukisema longi, mimi navaa longi."

Meneja akakubali, maana alitaka pia kuwaona wateja wa huko.

Akakaa katikati yetu, juu ya blanketi la injini, na suruali yake ya tetroni iliyobana. Mpaka Archers anapiga stori. Tulipoiacha Archers nyuma, akaanza kujipepea kwa mkono. Jasho likawa linamtoka mpaka kwenye soksi. Karibu na Laisamis akasema, bila kumwangalia mtu, "Mzee, ile kitu yako ingine iko wapi?"

Abti akasimamisha lori. Kile cha grisi alikuwa amekivaa, kwa hivyo akatoa kile safi, cha kuswalia. Meneja hakujua kukifunga, kila akijaribu kinaanguka. Abti akamfunga mwenyewe, akakunja pindo kiunoni kama anavyomvisha mtoto siku ya Idd.

Wakuu, jamaa alikaa, akashusha pumzi, akalala usingizi. Alipoamka alikuwa mtu mwingine, anacheka, anatuambia habari za kwao. Marsabit kuna baridi, akavaa suruali. Tulivyorudi kwenye joto akavaa kikoi tena, na hakuna aliyemlazimisha.

Tulipofika Ngaremara, kabla ya kuingia mjini, akaomba tusimame. Akaenda nyuma ya lori, akavaa suruali, akatia kikoi kwenye begi lake. "Nitafua nikurudishie," akasema.

Abti alifurahi sana. Aliniambia, "Sasa ameelewa." Na mimi niliamini hivyo.

Kesho yake asubuhi Abti akaja yadi na kikoi chake kama kawaida. Akamsalimu meneja kwa mikono miwili, kila mtu yupo, akamuuliza kwa roho safi kabisa, "Meneja, ile kikoi yangu ulivaa Laisamis, umekuja nayo? Ni ya kuswali."

Mama wa chai ndiye aliyecheka wa kwanza. Halafu yadi nzima.

Abti hakuwa na nia ya kumwaibisha mtu. Alitaka nguo yake ya swala, basi. Lakini niliona uso wa meneja ukibadilika.

"Wewe mzee, nilisema longi. Toa vitu zako kwa gari."

"Lakini tulikubaliana."

"Mimi sikukubaliana na mtu."

Ikawa hivyo. Funguo za lori meneja akanipa mimi, nikaziweka mezani kwake nikaondoka. Tulikwenda kwa mwenye malori, akasema hawezi kumwingilia meneja wake. Abti akaishia Burat, kulima vitunguu kwenye shamba la shemeji yake, jembe ambalo mikono yake haikulizoea kamwe. Mabinti wakatoka shule mwaka huohuo. Kikoi hakikurudi.

Hadi leo nakasirika nikiandika. Miaka mingi nilidhani shida ya watu kama yule ni kutojua joto letu. Alilijua. Lilimchoma mapaja, akavaa kikoi, akalala fofofo. Kisha akamfukuza aliyemvisha, kwa sababu yadi ilijua naye alikivaa. Nilichojifunza ni kwamba anayecheka nguo yako si lazima awe mjinga. Wengine wanajua kabisa, na hao ndio wabaya zaidi.

Aliyewahi kunyimwa kazi kwa sababu ya nguo aandike hapa chini, nitasoma zote. Na kama humu ndani kuna mzee aliyekuwa meneja wa yadi ya malori Isiolo zamani hizo, Abti ameshafariki, lakini mabinti zake wapo. Waombe wao msamaha, mimi usinijibu.