Damu ya Baba Kwenye Kioo

Baba yangu alikuwa mtu wa kukuaibisha ugenini. Akipewa glasi ya maji, kwanza aliinyanyua kwenye mwanga, akaizungusha, akatafuta ufa, ndipo akanywa. Kazi ilimzoesha. Miaka mingi alikaa kwenye kiwanda cha soda kule mtaa wa viwanda, mbele ya taa nyeupe, chupa tupu zikimpitia, naye akitoa kila iliyopasuka. Nyumbani kwetu Nyakabiga hakuna kikombe chenye pengo kilichomaliza wiki. Enzi hizo nilimkasirikia sana. Sasa natamani aje anikagulie vikombe vyangu.

Mimi, binti yake, nilisomea maabara. Siku moja mwalimu alituandikia ubaoni neno shistosite, yaani chembe nyekundu ya damu iliyokatika vipande. Alitueleza kwamba limetoka kwa Wagiriki: skhistos ni kilichopasuka, kytos ni chombo chenye uwazi ndani. Jioni nilimsimulia baba. Akacheka, akasema kumbe hao Wagiriki nao walifanya kazi kiwandani.

Wakati huo alikuwa tayari na vali ya chuma moyoni, kilango cha kupitisha damu alichowekewa ng'ambo. Miaka ilipita, nikaajiriwa, naye akaanza kuchoka. Ngazi tatu za mlangoni zilimtoa jasho, macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Daktari wa moyo alisema vali inavuja, lazima ibadilishwe, la sivyo tutampoteza. Baba alikataa katakata. Alidai damu yake imezeeka tu, na kwamba kisu hakirudi kifuani mwake. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikalia mbele yake. Wapi.

Basi nikampeleka maabara. Nilimtoa tone la damu kidoleni, nikalitandaza kwenye kioo, nikalitia rangi, nikamkalisha kwenye hadubini. Nilimwelekeza aone chembe nzima, za mviringo, halafu zile zilizobaki kama kofia, kama pembetatu, nyingine makombo tu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, kama nilivyomwona utotoni nilipompelekea chakula kiwandani.

"Izi zote ni za mimi?" akauliza.

"Ni zako, papa."

"Basi damu haina kosa," akasema, bila kuinua jicho. "Chupa zikipasuka mingi vile, kosa si ya chupa. Ni mashine iko inazigonga. Mashine wanabadilisha, mama."

Nilitoka nje nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Mwezi uliofuata alisafiri kubadilishiwa vali. Miezi michache baada ya kurudi alikuja mwenyewe maabara na kunyoosha kidole nimchome. Alikikagua kioo kipya polepole, pembe kwa pembe, watu wakisubiri zamu kwenye benchi. Mwishowe akasema, "Izi napitisha." Akavaa kofia yake akaenda zake.

Tulipewa miaka saba zaidi. Alifariki mwaka jana, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Vioo vyote viwili ninavyo kwenye droo ya kazini. Utaratibu wetu ni kutupa vya zamani, na kila mwaka navipita kama sijaviona. Jana nilijikuta nimekiinua kile cha pili dirishani, nakizungusha kwenye mwanga, natafuta ufa. Hakikuwa nao. Nikakirudisha mahali pake.