Nyamizi na Majani ya Kifusini

Mpwa wangu Nyamizi hajui kukaa. Hata ugali anakula amesimama, jicho liko kwenye kifusi. Kifusi chenyewe ni kile kilima cha mawe na udongo uliochimbuliwa mgodini, hapa kwetu Lusu. Mgodi ulifungwa, kilima kikabaki kipara kama kichwa changu, ila changu kinang'aa zaidi.

Yeye na kikundi chake cha wanawake walipewa kazi ya kukiotesha majani. Sharti lilikuwa moja: mkaguzi akija mwisho wa mvua akute majani yameshika, la sivyo kazi wanapewa watu wa mashine.

Walimwaga mbegu kote, mvua ikazisomba. Zilizoota, ziliota ndani ya vifereji ambavyo maji yalichimba ubavuni mwa kilima. Kila asubuhi Nyamizi alipanda kuziangalia, akashuka, akapanda tena.

Zikiwa zimebaki siku nne, akaenda msibani Nzega mjini. Hapo ndipo mimi, Shomari, niliyefika darasa la tano kwa akili zangu mwenyewe, nikaona aibu. Mgeni anakuja, kilima kimejaa makovu? Kwetu mgeni hapokelewi kwenye uwanja mchafu. Nikawakusanya wanawake, tukafukia vifereji, tukasawazisha, tukafagia. Nusu ya chini ikawa laini kama sakafu. Ya juu ilipona kwa sababu mgongo wangu uligoma.

Aliporudi kesho yake hakuniamkia.

"Mjomba, majani yako wapi?"

"Nimekufagilia, mwanangu. Hata shikamoo hakuna?"

"Umefagia shamba langu! Mle viferejini ndimo udongo laini ulimotuama, ndimo mbegu zilimojibanza. Pakiwa laini hivi maji yanateleza na kila kitu."

"Basi tuchimbe makorongo, zijibanze zaidi!"

Akanivuta hadi upande wa pili, kwenye korongo refu. Kingo zilikuwa zimebomoka, mizizi inaning'inia kama ndevu za beberu. Kumbe korongo likizidi, linameza mbegu. Nikachukua jembe bila kuambiwa, hunitokea mara chache.

Siku tatu zilizobaki alitutumikisha: tukachimba vijishimo vya kukinga maji ya mteremko, kama tunavyofanya kwenye matuta ya viazi, na kupanga mawe kwenye vifereji vya juu ili maji yapunguze mbio. Mawe makubwa nilibeba mimi. Ulizeni.

Mkaguzi akaja. Juu, majani yalimfika magotini. Chini, kipara.

"Nani alisawazisha huku?"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

Akaandika: nusu ya juu ibaki kwa kina mama, ya chini wapewe watu wa mashine. Nyamizi hakulia wala hakushangilia. Gari lilipoanza kuondoka, alilikimbilia akagonga mlango.

"Bwana mkaguzi, waambie wasikate kitako cha kilima. Wakikikata, huku juu kwetu kutaporomoka!"

"Nitaandika, mama."

"Andika sasa," akamwambia, mkono umeshika dirisha.